Nimesema ni sare, Mzee kabeba ubao wake kaenda. Nilikosea?

Mama Kaye, Katuba

Jambo yenu wote. Swali langu ni la sataranji, lakini ndani yake kuna kuku, kuna mzee wa heshima na kuna mtoto wa dada yangu, kwa hiyo mnivumilie nieleze yote.

Sisi ni watu 14, wakubwa kwa watoto. Tunacheza kila Jumapili baada ya ibada, kwenye lupango, kiwanja cha jirani hapa Katuba, Lubumbashi, chini ya mwembe. Mimi si mchezaji mkali. Nilianza kwa kuwapelekea mikate ya kuuza, nikakaa, nikatazama, nikaanza kuuliza mbona farasi anaruka wenzake na wengine hawaruki. Leo ndiye ninayeshika kaye, daftari letu: nani kacheza na nani, nani katoa faranga elfu moja yake, nani anadaiwa tangu Pasaka. Jina la Mama Kaye limetoka hapo. Hata mume wangu ananiita hivyo akitaka kunichokoza.

Tuna mbao nne. Mbili za plastiki, za kukunja. Moja seremala wetu aliichora juu ya plaiwudi, na upande mmoja nyumba zimebanana mpaka malkia na mfalme wanagusana mabega. Ya nne ni ya Mzee. Hiyo ndiyo ubao kweli: mti mzito, kete za kuchongwa, kila moja imebandikwa kitambaa chini isikwaruze. Mnara mmoja mweusi ulipotea miaka mingi iliyopita, akamwomba mchongaji wa malakiti, lile jiwe la kijani, amtengenezee mwingine. Kwa hiyo katikati ya weusi wote unaona mnara mmoja wa kijani, mfupi kuliko mwenzake na mzito mara mbili. Watoto wanagombania kucheza nyeusi kwa sababu ya huo mnara tu.

Mzee ana miaka 71, alikuwa dereva wa treni. Maisha yake yote alicheza dama, ile ya vizibo, na barabarani kwao hakuna aliyemweza. Sataranji ameianza uzeeni, na kwa muda mfupi akawa anatupiga wote, isipokuwa binti mmoja wa miaka 15. Huyo binti ni mtoto wa dada yangu. Analala kwangu. Mmeshaanza kuona shida iko wapi.

Mwezi huu tulifanya mashindano madogo, watu sita, kila mmoja anacheza na kila mmoja, dakika 15 kwa mtu. Saa yetu ni simu iliyolazwa katikati, unagusa upande wako ukimaliza kucheza. Zawadi: kuku mmoja jike. Mchezo wa mwisho ukawa Mzee na binti. Binti alikuwa na pointi 4, Mzee 3 na nusu. Mzee akishinda, kuku wake. Wakitoka sare, kuku wa binti.

Mzee alimkamua vizuri. Akamla farasi, akamla minara yote miwili, binti akabaki na mfalme peke yake akikimbia huku na huku. Mzee ana malkia, mfalme wake yuko karibu, hata askari mmoja anaye kule mbali kwenye nyumba ya a2 (herufi ni ya safu, namba ni ya mstari). Simu inamwonyesha zimebaki dakika mbili. Mfalme wa binti akarudi kona, h8. Mzee akamsukuma malkia kutoka g3 hadi g6, akagonga meza, akasema «mati!», yaani mfalme anashambuliwa na hana pa kukimbilia, akanyoosha mkono apewe mkono.

Binti hakuutoa. Akasema, «Babu, sijapewa esheki.»

Esheki ni mfalme kushambuliwa. Nikainama kutazama. Kweli. Malkia yuko g6, mfalme h8, hakuna anayemgusa. Lakini g8 hawezi kwenda, g7 hawezi, h7 hawezi. Kete nyingine hana. Mzee akasema, basi, hana pa kwenda, amekwisha. Nikachukua simu ileile, nikatafuta, nikasoma kwa sauti mbele ya wote: hiyo ni pati, mchezo umetoka sare. Watoto wakacheka, unajua watoto. Hata mimi nilitabasamu kidogo, kwa vile ilikuwa nyumba moja tu, angesogea hadi g7 ingekuwa mati safi.

Mzee hakupiga kelele. Alikusanya kete moja moja, akazilaza ndani ya sanduku, akafunga, akaweka kwapani. Kabla ya kutoka akasema, «Kuku wako amebaki nyumbani kwako, mama.» Jumapili mbili hajaja. Wengine wananong'ona kwamba nilimpendelea ndugu yangu. Kuku bado yuko kwangu kwa sababu naona haya kumtoa, na ameanza kutaga.

Nilikosea wapi? Na mzee kama huyo unamrudishaje?

---

Mwamuzi wa Kampemba

Mama Kaye, nakujibu kama mtu ambaye amesimama katikati ya meza nyingi na ametukanwa kwenye meza nyingi.

Kwa sheria hukukosea hata nukta. Kanuni za FIDE, shirikisho la dunia la mchezo huu, lililoundwa Paris mwaka 1924, zinasema hivi kwenye kifungu cha 5.2.1: anayetakiwa kucheza akiwa hana hatua halali hata moja, na mfalme wake hayuko kwenye esheki, mchezo ni sare na umekwisha palepale. Hakuna kujadili, hakuna kurudisha hatua. Hata kama Mzee angekuwa na malkia watano.

Tena nikuongezee moja ambayo itakuja kukusumbua siku nyingine. Tuseme Mzee hakufanya hiyo pati, ila dakika zake mbili zikaisha. Binti ana mfalme mtupu. Hapo pia ni sare, kwa kuwa mfalme mtupu hawezi kumpa mtu mati kwa njia yoyote. Watu wengi wanadhani saa ikiisha mwenzako ameshinda tu. Sivyo.

Ulipokosea ni kabla ya mchezo. Mtoto unayemlisha anacheza fainali, na wewe ndiye mwamuzi? Mpe kaye mtu mwingine kwa huo mchezo mmoja, wewe kauze mikate. Neno lilelile ulilosoma kwenye simu, likisomwa na mtu asiye ndugu, lina uzito mwingine kabisa. Halafu, sheria zinasomwa asubuhi kabla ya kete ya kwanza, wakati kila mtu bado anampenda kila mtu.

Wenzetu ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa wamefika mbali kwa mchezo huu. Amon Simutowe wa Zambia alipata cheo cha grandmasta mwaka 2009. Sisi bado tunagombana kuhusu pati. Samahani, lakini inauma.

---

Vizibo

Jambo Mama Kaye. Miye niko mu Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, si inchi, bandugu ba mbali musichanganye.

Yule wa Kampemba anasema mambo ya vifungu. Miye ninaisikia roho ya Mzee. Mu dama, ukikosa pa kupita umekufa. Hakuna sare ya namna ile. Kumufunga mwenzako njia ni kazi ya fundi kuliko kumukula, sababu kula hata mutoto anakula. Unamusukuma polepole, unamufungia huku, unamufungia kule, anainua mukono anatafuta kizibo cha kusogeza, hakuna. Pale watu wote wanapiga makofi. Mzee wako alipigiwa makofi ya vile miaka 50. Sasa amefanya kitu kilekile, mu ubao wa nyumba 64, anaambiwa kazi yako ni bure.

Tena angalia: ile kete kubwa ya sataranji, malkia, hapa kwetu tunaiita dame, na muchezo wetu pia tunaita dame. Mutu anaona dame, anaona nyumba nyeusi na nyeupe, anafikiri sheria ni ndugu. Hapana.

Hakukuwa anaiba. Alikuwa anacheza muchezo mwingine tu.

---

Mama Kaye, Katuba

Aksanti Papa Vizibo, hilo sikulifikiria hata kidogo. Nilidhani Mzee anabisha kwa sababu ya kuku.

Ndugu wa Kampemba, nimekubali fimbo. Ila siku ile nani mwingine angekuwa mwamuzi? Anayejua sheria kunipita mimi alikuwa anacheza.

Kuna jambo jingine. Leo asubuhi nafagia chini ya mwembe, maembe yameanza kuiva na kila siku yanatuangukia, nikaona kitu cha kijani katikati ya majani. Ni ule mnara wa malakiti. Ulidondoka alipokuwa anakusanya. Ameondoka na kete 31.

---

Tembo Aliyepotea

Mimi nimekulia Bukavu, sasa nasoma hapa Lubumbashi, na kwa bahati mbaya napenda historia kuliko ushindi, ndiyo maana napigwa kila siku. Lakini leo historia ina faida.

Hilo jina letu, sataranji, limetoka kwa Waarabu: shatranji. Wao waliupata mchezo kwa Waajemi, na Waajemi waliupata kutoka India. Sasa, katika ile shatranji ya zamani, ukimfungia mwenzako njia hivyo bila esheki, umeshinda. Si sare. Zaidi ya hapo: mfalme akibaki mtupu, bila kete hata moja, kwa kawaida mchezo ulihesabiwa umekwisha na aliyemvua ndiye mshindi. Mama Kaye, pima mwenyewe. Mzee wako angekuwa Baghdad miaka 1,000 iliyopita, kuku angekuwa wake tangu pale binti alipopoteza kete ya mwisho, hata kabla ya hiyo g6.

(Ingawa angehitaji subira. Malkia wa enzi hizo alitembea nyumba moja tu, tena kwa mshazari. Nguvu za kukimbia ubao mzima alizipata Ulaya, mwishoni mwa karne ya 15. Na ile kete ya kwenda mshazari tunayoiita fu kwa kufuata Kifaransa, watoto wakasema ni mwenda wazimu, kwa Waarabu alikuwa tembo. Jina langu hapa mmelielewa sasa.)

Uingereza nako walikuwa na lao. Katika karne ya 17 na ya 18, huko aliyemfungia mwenzake bila esheki ndiye aliyeshindwa! Yaani Mzee angekosa hata hiyo nusu pointi. Mambo yalikuja kutulia kuwa sare kila mahali baadaye, karne ya 19.

Kwa hiyo usimwambie Mzee kwamba hajui. Mwambie sheria yake ilikuwepo, tena ni ya kale kuliko yetu.

---

Kisu Kikali

Chinjeni huyo kuku, pikeni bukari, kila mtu ale. Kesi imekwisha.

---

Mwamuzi wa Kampemba

Ndugu Kisu, kuku anataga. Nani anachinja kuku anayetaga?

Mama Kaye, huo mnara ni bahati yako. Hukuwa na sababu ya kwenda kwake, sasa unayo. Nenda mwenyewe, usimtume mtoto. Na usiende na simu.

---

Mama Kaye, Katuba

Nimerudi. Niliahidi kuandika, ila wiki yote mvua, umeme ukawa wa kubahatisha, na mimi nilikuwa na uoga wangu.

Nilikwenda Alhamisi jioni. Nilifunga mnara kwenye pindo la kitenge kama mtu anayeficha pesa, na nilitembea nikirudia moyoni yote mliyonifundisha: Waarabu, Waajemi, tembo, dama. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kuhojiwa.

Mkewe alinipokea, akaniwekea munkoyo kwenye kikombe kikubwa. Mzee alikuwa barazani, karibu na taa ya betri, ubao uko mbele yake juu ya kiti. Nikajua mara moja. Mfalme mweusi h8. Mfalme mweupe f6. Malkia g3. Na yule askari wa a2 aliyesahauliwa na dunia yote, hata yeye alikuwepo. Kete nne tu. Nyingine zimepangwa nje ya ubao kwa mistari, na kwenye mstari wa weusi, mahali pa mnara, ameweka kizibo cha chupa.

Sikusema kitu. Nilifungua pindo, nikatoa mnara, nikauweka mkononi mwake. Aliupima uzito, akaupuliza vumbi ambalo halikuwepo, akatoa kizibo, akauweka pale. Kizibo akakitia mfukoni mwa shati.

Nikaanza kumweleza habari za Baghdad. Alisikiliza kidogo, akaniinulia mkono ninyamaze.

«Mama, njoo utazame.» Akamrudisha mfalme mweusi hatua moja, hadi h7. «Mtoto alikuwa hapa. Mimi nimeshamleta malkia g3. Yeye ana njia mbili tu: apande h6, au arudi h8. Mtoto wa miaka 15, tangu mwanzo anakimbilia mbele. Nikajua atapanda.» Akampandisha mfalme h6, kisha akamsogeza malkia taratibu mpaka g6, akaacha kidole juu yake. «Hapo?»

Nilitazama. Nikatazama tena. Malkia g6, mfalme wake f6 anamlinda nyuma. h5 imefungwa, h7 imefungwa, g5 na g7 zimefungwa. Esheki ipo, na hakuna pa kukimbilia. Ni mati.

«Mkono wangu ulishaamua g6 kabla hajacheza,» akasema. «Dakika zinakwisha, nikamwona amesogea, sikutazama amesogea wapi. Usiku uleule, nimelala, nikaliona.»

Mnaelewa? Alijua tangu usiku wa siku ileile kwamba ni sare. Dama hakuitaja kabisa, Papa Vizibo, samahani. Siku ile alibisha kwa mdomo tu, jinsi mtu anavyobisha akiwa ameshtuka.

Nikamuuliza, basi Baba, kwa nini hukuja Jumapili mbili?

Alikaa kimya mpaka nikadhani hakunisikia. Halafu akasema: «Walicheka. Watoto kucheka si kitu, ni watoto. Wewe pia ulicheka, na simu iko mkononi.»

Nilitaka kujitetea kwamba sikucheka, nilitabasamu. Munkoyo ukanikwama kooni. Nikamwomba msamaha, kwa magoti kama tunavyofanya kwa wakubwa, na mkewe akatoka ndani kuuliza kuna nini, Mzee akamwambia hakuna kitu, tunatazama ubao.

Tulivyoelewana ni hivi. Jumapili anakuja, na ubao wake. Kuku ni wa binti, hilo hataki hata lizungumzwe. Ila anataka kucheza naye tena, bila zawadi, na safari hii yeye achukue nyeusi, na mwamuzi awe mtu mwingine. Nimemwambia yule seremala wa plaiwudi ndiye atakayekaa, hana ndugu kwenye meza yoyote, na ni mtu asiyecheka hata kwenye harusi. Pia Mzee ametaka sheria ya pati aieleze yeye kwa watoto, kabla ya kuanza, kwa kutumia zile kete nne. Alisema ataanza na h6.

Binti nilimsimulia nilipofika nyumbani. Akapanga kete kwenye ubao wa plastiki, akacheza h6, akajiona anakufa, akarudisha. Nikamuuliza siku ile alijua? Akasema hakujua kitu. Alirudi kona kwa sababu aliogopa.

Kuku nimempa tangu jana, amemfungia karibu na mifuko ya makala ya kupikia. Mayai manane aliyotaga akiwa kwangu nimeyaandika kwenye kaye, sijui niyahesabu ya nani.